Uliza Mwalimu: Je, walimu tupewe bastola?

Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kayole. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kazini, na Gredi ya Nne niliyopewa ina watoto 64. Wiki iliyopita, wakati wa chai ya saa nne, tulibishana majilisini hadi kengele ikalia tusiisikie. Aliyeanza ni mwenzetu ambaye shemeji yake anafundisha Texas. Anasema kule mwalimu akishapata mafunzo ya saa 80 anaweza kuwa na bastola shuleni, na watu wameshazoea. Mwenzetu mwingine alikuwa akifundisha Garissa mpaka 2020, akahamishwa baada ya walimu watatu kuuawa na magaidi huko Kamuthe. Huyo hakubishana. Alisema tu kwamba usiku zile habari zilipofika shuleni kwao alilala chini ya kitanda, na kwamba angekuwa na bunduki angalau angelala juu yake. Mimi nilikuwa upande wa kukataa, lakini baada ya maneno hayo nilikosa la kusema. Kila siku tunaambiwa usalama wa mtoto uko mikononi mwa mwalimu. Sasa mwalimu akifunzwa vizuri, akapimwa akili, akapewa leseni, ubaya uko wapi? Tafadhali usinijibu kwa maneno ya mkutanoni. Nijibu kama ungemjibu mwanao.

Mwalimu, Kayole

Mwanangu, nitakujibu hivyo hivyo. Jibu langu ni hapana. Ila mwenzako wa Garissa ana haki ya jibu lake peke yake, kwa hiyo nitamfikia baadaye.

Mimi nimelelewa katika laini za polisi hapa Nairobi. Baba alikuwa konstebo, na tuliishi katika kile kibanda cha bati cha mviringo ambacho watoto wa polisi wa umri wangu wanakikumbuka kwa joto lake la mchana na baridi yake ya usiku. Jioni akienda lindo alipitia kwanza kwenye ghala la silaha. Mara kadhaa nilimpelekea chakula nikamwona. Anatia sahihi. Risasi zinawekwa kiganjani mwake moja moja huku mwenye ghala akihesabu, halafu baba anazihesabu tena kwa sauti. Asubuhi mambo yanarudiwa kinyumenyume: mdomo wa bunduki unaelekezwa kwenye sanduku la mchanga, anafungua chemba, mwenzake anachungulia ndani kuhakikisha haina kitu, risasi zinahesabiwa. Ikipungua moja, zamu nzima haiondoki. Katika utoto wangu wote sikuwahi kuiona bunduki ndani ya nyumba yetu. Siku moja nilimuuliza kwa nini haji nayo ili wezi watuogope. Alikuwa akifungua kamba za viatu. Akasema, "Nyumbani kuna watoto," akaendelea na viatu vyake.

Nimekueleza hayo ili ujue ninapozungumzia bunduki sizungumzi kwa kuogopa kitu nisichokijua.

Sasa nikupeleke Novemba 2004. Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulikuwa ukiendelea, nami nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya Eastlands. Unajua utaratibu: karatasi zinaletwa na polisi mwenye bunduki, na anabaki shuleni mpaka zirudishwe. Tuliyeletewa alikuwa kijana mpole, mwenye heshima. Mpishi alimletea chai na mandazi chini ya mti ulio kando ya jiko. Akaiegemeza G3 yake ukutani, akashika kikombe kwa mikono miwili kwa sababu kulikuwa na baridi, akageuka kidogo kujibu salamu za karani. Madarasa ya chini yalikuwa nyumbani siku hiyo, lakini mtoto wa mpishi, miaka saba, alikuwa amekuja na mama yake. Nilikuwa dirishani. Nikamwona ameshika mkanda wa ile bunduki, anauvuta taratibu, hivi watoto wanavyovuta kigari cha waya.

Sikupiga kelele. Mpaka leo sijui ni nani aliyeniziba mdomo. Nilimwita kwa jina, kwa sauti ya kawaida ya mchana, nikamwambia aje anisaidie kubeba madaftari. Akaachia mkanda akaja mbio. Bunduki ikateleza ukutani, kitako kikagonga saruji, ikalala. Hakuna kilichotokea. Yule polisi aliruka, chai ikamwagika yote kifuani, na nikaona mikono yake inatetemeka kuliko yangu. Alikuwa amepitia chuo cha polisi cha Kiganjo, akaishi na silaha miezi mchana na usiku akifundishwa jambo moja: usiiachilie. Na kazi yake siku ile ilikuwa ni hiyo tu, kulinda. Hakuwa na daftari la kusahihisha, hakuwa na mtoto wa kufunga viatu, hakuwa na mzazi mlangoni. Sekunde kumi za chai zilitosha.

Wewe una watoto 64. Hebu nikuulize: jana umeinama mara ngapi? Mtoto akitapika unaacha kila kitu unamshika. Wawili wakipigana unaingia katikati kwa mwili wako wote. Wale wadogo wakikukimbilia asubuhi wanakukumbatia wapi? Kiunoni. Kichwa cha mtoto wa miaka sita kinafika pale pale ambapo bastola ingekaa. Au utaifungia kabatini? Basi siku mbaya ikifika utakuwa unatafuta ufunguo. Na kabati la mwalimu, sote tunajua, watoto wanalijua kuliko mwalimu. Wao ndio wanaotumwa kuleta chaki.

Wanaotaka walimu wapewe silaha hutumia neno "kufunzwa", na hata wewe umelitumia. Tuliangalie. Taasisi ya utafiti ya RAND ilichunguza polisi wa jiji la New York, watu ambao bunduki ni sehemu ya mshahara wao. Kati ya 1998 na 2006, walipokuwa wakirushiana risasi na mtu, risasi zilizompata waliyemlenga zilikuwa 18 katika kila 100. Sasa weka hesabu hiyo katika chumba chenye watoto 64, madawati yamebanana, kila mtu anakimbia. Zile 82 zinakwenda wapi? Jimbo la Tennessee lilipitisha sheria 2024 ya kuwaruhusu walimu kubeba bastola iliyofichwa, mwaka mmoja baada ya watoto watatu na watu wazima watatu kuuawa katika shule moja ya Nashville. Mafunzo yanayotakiwa ni saa 40 kwa mwaka. Hiyo ni wiki moja ya kazi. Na jina la mwalimu mwenye bastola ni siri, mzazi haambiwi. Niwazie mimi mama wa Eastlands nikimpeleka mtoto shuleni asubuhi bila kujua ni mwalimu yupi kati ya wote ana chuma chini ya koti.

Kuhusu Texas ya shemeji wa mwenzenu, ni kweli, sheria ya 2013 inaruhusu mwalimu kuteuliwa baada ya mafunzo hayo ya saa 80. Lakini Uvalde pia iko Texas. Tarehe 24 Mei 2022 kijana mmoja aliingia shule ya msingi pale akaua watoto 19 na walimu wawili. Karibu polisi 400 wa vikosi mbalimbali walifika, na dakika 77 zikapita kabla ya mlango wa darasa kufunguliwa na muuaji kupigwa risasi. Bunduki zilikuwepo za kujaza lori. Mimi nikisoma habari za siku ile huwa nakwama kwenye zile dakika. Watoto walikuwa wakipiga simu polisi kutoka ndani, kwa kunong'ona.

Usidhani nakuletea mifano ya upande mmoja. Nchi iliyonisumbua zaidi katika jambo hili ni Pakistani. Desemba 2014 mji wa Peshawar ulipoteza watoto zaidi ya 130 shuleni kwa siku moja, mikononi mwa wavamizi. Wiki chache baadaye serikali ya jimbo hilo, Khyber Pakhtunkhwa, iliwaruhusu walimu kubeba silaha. Mwaka 2016 wavamizi waliingia chuo kikuu cha Bacha Khan katika jimbo hilo hilo, na mhadhiri wa kemia, Syed Hamid Hussain, aliwafyatulia risasi kwa bastola yake huku akiwaambia wanafunzi wasitoke. Waliokoka wengine kwa sababu yake. Yeye aliuawa. Nikiwa mwalimu siwezi kuandika jina lake bila heshima. Lakini kabla ya hapo, Julai 2015, huko Swat, mwalimu mwingine alikuwa akisafisha bastola yake shuleni. Ikalia. Mwanafunzi wa miaka 12 akafa. Huyo mwalimu hakuwa mwovu, mwanangu. Alikuwa ametii ruhusa ya serikali.

Nimewapima hao wawili miaka yote hii na mizani yangu hainisumbui tena. Uvamizi huja mara moja katika maisha ya shule, na kwa shule nyingi hauji kabisa. Bastola inakuja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, muhula baada ya muhula.

Hata hapa Nairobi tuna ushuhuda wa pande zote mbili. Westgate, Septemba 2013, magaidi walipovamia jumba lile la maduka, raia waliokuwa na leseni zao waliingia wakatoa watu. Abdul Haji alionekana na dunia nzima akiwa na bastola yake mkononi akiwasaidia akina mama na watoto kutoka. Nami nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Katika jengo lile lile, kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa kwa risasi ya wanajeshi wetu wenyewe waliomdhania adui. Mtu mwenye sare, mwenye mafunzo, mbele ya wenzake! Mwalimu aliyevaa sweta, ameshika bastola kwenye korido yenye moshi, askari anayeingia kwa kasi atamtambuaje?

Kuna jambo jingine ambalo walimu hatupendi kuambiana. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia katazo hilo. Wewe uko kazini leo; niambie kama majilisini kwenu hakuna hata fimbo moja nyuma ya mlango. Mimi mwenyewe nilichapa watoto miaka mingi kabla ya marufuku, na nikachapa wawili baada yake, na majina yao ninayo. Ilikuwa siku za mwisho wa mwezi, nimechoka, sijalipwa marupurupu, mtoto amenijibu vibaya. Hasira ile ilikaa mkononi nusu dakika kisha ikaisha. Najua nilivyokuwa katika nusu dakika ile. Hakuna kipimo cha akili ambacho kingeiona asubuhi ya siku hiyo.

Sasa mwenzako wa Garissa.

Mwambie simpingi. Walimu watatu wa Kamuthe waliuawa Januari 2020. Kabla yao, Novemba 2014, basi lilisimamishwa huko Mandera na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi nyumbani kwa likizo. Mapema mwaka uliofuata, walimu waliokataa kurudi huko walipiga kambi nje ya ofisi za TSC, tume inayoajiri walimu, pale Upper Hill. Niliwapelekea uji na mikate siku mbili. Nilikaa nao kwenye kingo za barabara. Kulikuwa na dada mmoja, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa na orodha ya majina ya wanafunzi wake kwenye pochi, anaikunjua, anaikunja. Alisema darasa lake litakaa bila mwalimu na hilo linamuuma, ila hawezi. Nilitaka kumwambia neno la kumtia moyo, nikaona afadhali nimmiminie uji.

Katika siku zile mbili nilisikia walimu wakiomba mambo mengi: kuhamishwa, magari ya kusindikizwa, nyumba ndani ya uzio wa shule, askari wa kudumu. Wachache waliomba bunduki, na niliwaelewa. Ukiachwa peke yako na adui utaomba chochote kilicho karibu. Lakini tazama mazingira yenyewe. Garissa, Aprili 2015, watu wanne wenye bunduki za kivita waliingia chuo kikuu alfajiri, na 148 wakauawa. Kikosi maalumu kilitoka Nairobi kikafika baada ya saa nyingi. Bastola ya mhadhiri mmoja haingesimama mbele ya bunduki nne za aina hiyo. Kilichokosekana ni askari waliofika mapema. Na huko Kerio, au Baringo, ambako watu huuana kwa ajili ya silaha, mwalimu mwenye bunduki amewapa wahalifu sababu ya pili ya kuvunja mlango wake. Kwanza walikuja kwa ng'ombe, sasa wanakuja kwa mwalimu.

Kwa hiyo mwambie mwenzako hivi: ana haki ya kulindwa na watu wanaolipwa kulinda, na ana haki ya kuondoka mahali ambapo serikali imeshindwa kumlinda bila kuitwa mwoga. Kumpa bunduki ni kumwambia kwamba usalama wake sasa ni shauri lake. Nisingekubali TSC wamwambie hivyo, hata kwa sauti ya upole. Na leseni yenyewe haitoki TSC, inatoka Bodi ya Leseni za Bunduki, chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Bodi hiyo inampima mtu mmoja mmoja, haimpimi kazini kwake, haijui darasa lako lina watoto wangapi.

Kabla sijakuacha, naomba urudi majilisini na swali jingine, kwa sababu hili la bastola linakula muda ambao watoto wetu hawana. Tangu nianze kufundisha 1983, watoto wa shule za Kenya wameuawa kwa wingi na moto na milango. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67: mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21. Hapa hapa Ngando, Septemba 2019, darasa la mbao na mabati liliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani, wanane wakafa. Mwongozo wa Usalama wa Shule wa 2008 unataka mlango wa bweni ufunguke kwa nje na uwe na upana wa futi tano, mlango kila upande na wa dharura katikati, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2. Niliwahi kufundisha shule moja yenye bweni. Mwezi mmoja baada ya Kyanguli nilikwenda usiku na tochi nikakuta kufuli kwa nje, na ufunguo uko kwa matroni, upande wa pili wa uwanja. Wasichana arobaini ndani. Nilisema, nikaambiwa vyuma ni kwa ajili ya wezi na kufuli ni kwa ajili ya nidhamu. Jumamosi yake nilimleta fundi wa jua kali kutoka Kamukunji, akakata vyuma vya madirisha matatu, nikamlipa kutoka mfukoni. Niliandikiwa barua ya onyo. Ninayo mpaka leo, na wale wasichana ninao pia. Mmoja wao ndiye daktari wangu wa macho.

Kesho ukifika shuleni, kabla ya gwaride, nenda mlango wa darasa lako uusukume. Uone unafungukia upande gani. Kisha waulize watoto wako wangapi wanajua pa kukimbilia.

Mwalimu, habari za siku nyingi. Naishi Pipeline, nina watoto wawili. Binti yangu wa Gredi ya Pili alirudi nyumbani amejikojolea. Shuleni walifanya zoezi la kuvamiwa bila kutuambia wazazi: watu walipiga mabati na kulipua fataki, watoto wakaambiwa wajifiche chini ya madawati wanyamaze. Sasa usiku hataki taa izimwe. Nimelalamika, nikajibiwa kwamba ni mambo ya usalama. Nifanye nini?

Mama wa wawili, Pipeline

Mama, pole sana, na umfikishie binti pole yangu. Aliyekujibu hivyo amekosea.

Jiji hili lilishajifunza jambo hili kwa msiba. Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore pale Madaraka kilifanya zoezi la aina hiyo, milio ya risasi ikasikika, na watu waliodhani ni kweli wakaruka kutoka orofa za juu. Mfanyakazi mmoja alifariki na makumi wakaumia. Miezi saba kabla ya hapo, siku kumi tu baada ya Garissa, mlipuko wa umeme ulisikika alfajiri katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka madirishani. Mmoja akafa na zaidi ya mia wakaumia. Hao walikuwa watu wazima. Wako ana miaka saba.

Zoezi ni la lazima, usilikatae. Linafanywa kwa kutembea: mwalimu anapiga filimbi, watoto wanatoka kwa mstari, wanakwenda mahali walipoonyeshwa, wanahesabiwa, wanarudi. Wiki ijayo tena. Mtoto akilizoea, miguu yake inajua njia hata akili ikipotea. Milio ya uongo haimfundishi njia. Inamfundisha kwamba watu wazima aliowaamini wanaweza kumtisha kwa makusudi.

Taa iache iwake mwezi huu. Mwambie akuonyeshe, mchana, jinsi mstari ulivyopangwa na nani alikuwa mbele yake, ili yeye awe mwalimu na wewe uwe mwanafunzi. Kisha nenda shuleni na wazazi wengine watatu au wanne, usiende peke yako, mwombe mwalimu mkuu mambo mawili kwa maandishi: wazazi waarifiwe siku moja kabla, na pasiwe na milio. Akikataa, mfuate mwakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule, na baada yake ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Kama baada ya wiki tatu binti bado anajikojolea usiku, mpeleke kituo cha afya, uwaeleze tangu mwanzo. Usimchape kwa hilo wala usimtanie mbele ya ndugu yake.

Mwalimu, mimi ni soja wa shule hapa Umoja, zamu ya usiku, mwaka wa sita. Nasikia walimu watapewa bunduki. Wao saa kumi wanakwenda nyumbani, mimi ndiye ninayebaki. Nina rungu na tochi, na betri najinunulia. Kwa nini tusipewe sisi?

Soja, Umoja

Kaka, hakuna sheria iliyotolewa ya kuwapa walimu bunduki hapa kwetu. Ni mazungumzo tu. Walinzi wa kampuni nao hawabebi bunduki nchini Kenya. Hata benki ikitaka bunduki mlangoni inaomba polisi. Sitakuombea silaha, kwa sababu zile zile nilizomwandikia mwalimu wa Kayole, na kwa moja zaidi: wewe uko peke yako usiku, na mwenye kuitaka hiyo bunduki angekujia watatu.

Lakini miaka sita unajinunulia betri! Hilo nimelisoma mara mbili. Shule inalipa rangi ya lango kila Januari na inashindwa betri za mtu anayelilinda. Unahitaji tochi inayowaka, filimbi, koti la mvua, simu yenye salio na namba ya kituo cha polisi imeandikwa ukutani kwa kalamu nene, pamoja na daftari la wageni la kuandika kila anayeingia. Na ufunguo wa kila mlango wa shule uwe kwako usiku, pamoja na wa dharura, kwa kuwa moto ukizuka ni wewe uliye macho.

Kata ukurasa huu umpe mwalimu mkuu. Kisha pigia ofisi ya mhariri, uwaachie namba yako na uwaambie tochi yako inatumia betri za ukubwa gani. Ninakuja upande wa Umoja Jumamosi.